Simba Mpalizi wa Ikongwe

Tulieni. Mwenye kukohoa akohoe sasa, mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe, kwa maana jina linalokuja halitajwi katikati ya zogo.

Zama hizo mlima wa Uvuje ulikuwa na mtemi mmoja, boma moja na jeshi moja, na wazee wetu waliokaa mteremko wa chini, hapa hapa mlipokaa ninyi, hawakuwa hata na jina. Wenye boma waliwaita watu wa chini, basi, yamekwisha. Mtama wao ulipanda kwenda kuliwa bomani, maharage yao yalipanda, vijana wao wenye vifua vipana walipanda, na vilivyoshuka kutoka juu vilikuwa viwili tu, maji ya mfereji na amri. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali yao, na anayebisha na abishe.

Katika zama hizo alizaliwa Kajeri, mwana wa Senzia mfua chuma, mwana wa Mkumbwa mchimba mfereji, mwana wa Ikongwe aliyeshuka kutoka kileleni na jembe moja na mke mmoja, akautazama mteremko uliojaa mawe na miiba, akasema, "Hapa." Huyo ndiye Kajeri Mgongo wa Mwamba, Kajeri Simba Mpalizi, Kajeri aliyeitwa akaitika. Husimuliwa kwamba mama yake alipokuwa na mimba yake alikuwa akipumzika mara mbili njiani akienda kuteka maji, na mtoto alipotoka mkunga alimwinua kwa mikono yote miwili, akacheka, akasema huyu hakuzaliwa, huyu amehamia na vyombo vyake vyote.

Alipokuwa kijana, ndevu hazijamtoka, mwamba uliporomoka kutoka juu ukaziba mfereji wa babu yake, na wanaume wa mtaa mzima wakakaa kitako wakibishana kama watumie magogo au kamba, huyu akisema hivi na yule akisema vile, hata jua likawa utosini na mashamba yanapiga miayo kwa kiu. Kajeri akaingia mferejini bila kusema neno, akaugeuzia mwamba mgongo, akakaza miguu, akausukuma mpaka ukatoka na kwenda zake bondeni. Habari hiyo ilifika juu upesi kuliko moshi. Kabla mtama haujakatwa, watu wa boma wakaja wakamchukua.

Bomani alikaa miaka, akawa askari wa Mtemi Shafuri pamoja na Mndolwa, ndugu yake wa jando, aliyetahiriwa naye siku moja na kuuguza majeraha juu ya ngozi moja. Na hapa tuseme kweli hata kama inatuchoma. Wale askari wa boma walikuwa wanaume. Walijua kusimama ngao zikigusana, walijua kurudi nyuma bila kukimbia, walijua kunyamaza wanapoambiwa wanyamaze, jambo ambalo wengine hapa hawaliwezi hata wakila. Mndolwa alikuwa hodari kuliko wote, na baadaye akafanywa jemadari. Kasoro yao ilikuwa kwamba walikuwa wachache, na hawakuweza kuwa wengi, kwa kuwa askari wa boma hakulima, na kila mtu aliyepelekwa juu kushika ngao alikuwa ni jembe moja lililopungua chini na mdomo mmoja ulioongezeka juu.

Senzia alipofariki, Kajeri aliomba ruhusa ya kurudi kulima shamba la baba yake, maana mama alikuwa mzee na dada yake Nakiete bado mdogo. Ruhusa akapewa. Lakini ilikuwa desturi kwamba askari akitoka jeshini huacha mkuki wake langoni, na tangu hapo huwa mkulima tu, asiyeulizwa habari za vita wala kuzisemea. Mndolwa alikuwa amesimama pale langoni kuupokea. Kajeri akafika, akasimama, asiutoe.

"Mkuki huu ulifuliwa na Senzia," akasema. "Boma lilinifundisha kuushika, na kwa hilo nashukuru. Lakini kwenda kupalilia hakunivui uaskari, na mkuki sitauacha."

Askari waliokuwa wamekaa juu ya ukuta walicheka mpaka wakashikana, na mmoja akamwita Simba Mpalizi, yaani simba gani huyo anayeinama kung'oa magugu. Kajeri akageuka, akamtazama, akasema jina ni zuri, analichukua. Kisha akateremka nyumbani na mkuki begani, na Mndolwa, aliyekuwa na haki ya kumzuia, hakumzuia.

Akaoa Nanzia, binti wa mfinyanzi, mwanamke mwenye ulimi mkali na mkono mkali zaidi, wakapata mtoto wakamwita Sarika. Mambo yakawa mazuri kwa muda. Kisha wakaja Wadoriko.

Wadoriko walikuwa watu wa nyikani, ng'ambo ya mto Semba, na chini ya mkubwa wao Lugendo waliacha kufuga wakafanya kazi ya kuteka watu. Waliuvuka mto asubuhi moja wakati ukungu haujainuka, wakachoma nyumba za mteremko wa chini, wakachukua ng'ombe, wakachukua wanawake na vijana, na miongoni mwao Nakiete, dada yake Kajeri, aliyekuwa amekwenda kukata majani. Kajeri alipigana na wachache waliokuwa karibu naye, akaua, akajeruhiwa, akabaki amesimama kwenye majivu. Baragumu lililia tangu mwanzo. Askari wa boma walishuka mbio, lakini mlima ni mrefu, na walipofika walikuta moshi na vilio. Mndolwa alilia siku ile mbele za watu, na hakujificha.

Baada ya msiba Mtemi Shafuri akaita baraza. Mndolwa akasema alilolijua, na alisema kwa uchungu: jeshi haliwezi kulinda juu na chini kwa wakati mmoja, likikaa chini, boma liko wazi, na likikaa bomani, chini kunaungua. Mtemi akakata shauri. Mteremko wa chini uachwe. Watu wapande juu na mizigo yao kabla ya kiangazi kuisha, bwawa lao la maji ya mfereji libomolewe, na miiba irudi ilikotoka. Wazee wa chini waliinamisha vichwa, na wengine tayari walikuwa wanawaza ni mzigo upi wataanza kufunga.

Kajeri aliposimama, bega lake lilikuwa bado limefungwa majani ya dawa. Alijua kwamba neno atakalolitoa ataliishi au atalifia.

"Mtemi, baba wa mlima, umesema askari ni wachache, na ni kweli. Lakini umehesabu mikuki ya bomani peke yake. Mimi sihami. Babu yangu alichimba mfereji ule kwa kucha, na siuachi kwa sababu Lugendo anautaka mteremko wangu. Nipe mpaka mavuno. Wadoriko wakija wakatushinda, nitalibomoa bwawa la Mkumbwa kwa mikono hii na kuwapandisha watu mwenyewe. Tusiposhindwa, asitokee mtu wa kutuambia tena tuhame."

Baraza likavuma. Wapo waliosema amerukwa na akili kwa ajili ya dada yake. Mtemi akaafiki, kwa kuwa hakuwa na cha kupoteza ila watu wa chini, na hao alikwisha kuwatoa hesabuni. Msiniangalie hivyo, ndivyo ilivyokuwa.

Basi Kajeri akaanza kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya katika mlima ule. Mnajua maji yetu yanavyokwenda: mfereji unatoka kijitoni, unajaza bwawa, na kila mtaa una zamu yake ya kufunguliwa lango. Asubuhi ya zamu wanaume hutoka na majembe kusafisha mfereji, mchana unapopinda lango hufunguliwa, na kila mwenye shamba huongoza maji kwake. Kajeri akasema hivi: anayekuja na jembe asubuhi aje na mkuki pia, na kati ya kusafisha na kufungua lango, muda ule wanaume hulala kivulini na kusengenyana, atawafundisha vita. Siku nyingine zote ni za kwao, walime, wauze, wacheze ngoma zao. Hakutaka mtu ahamie bomani. Alitaka kila mtu akae kwake, ila siku atakapoitwa awe tayari.

Walilalamika, nyie! Mmoja alisema mgongo, mwingine alisema mke wake ana mimba, mwingine alisema mkuki wake umeliwa na mchwa, na hakueleza mchwa alikula vipi chuma. Lakini walikuja. Kajeri alipanda bomani kumwomba Mndolwa askari wa kumsaidia, kwa sababu ngao si jembe, lazima mtu afundishwe na anayeishi nayo. Mndolwa akasema hatampa askari hata mmoja. Atashuka mwenyewe, ili aione aibu hiyo kwa macho yake. Akashuka. Akawatukana wakulima wa chini kwa kila neno alilolijua, akawapanga safu, akawavuruga, akawapanga tena, na zamu iliyofuata akashuka tena bila kuitwa. Watu wakaanza kuona kwamba yule jemadari mwenye uso wa jiwe anapenda kuja.

Ilipokuwa katikati ya kiangazi Kajeri akasema sasa atawapima. Alipiga baragumu la hatari mchana, siku ya zamu, bila kumwambia mtu, akasimama mahali pa kukutania karibu na kivuko, akangoja. Akaja mmoja. Wakaja wengine wachache, wanahema. Jua likasogea. Wale wengine, watu wengi aliowafundisha kwa jasho lake, hawakuonekana. Kajeri akapandwa na hasira ambayo hajapata kuwa nayo hata mbele ya Wadoriko, akapanda mteremko kwa hatua ndefu mpaka mashambani, na huko akawakuta, kila mtu na jembe lake, miguu ndani ya matope, wanaongoza maji kwenye mitaro yao kwa haraka, mikuki imelazwa ukingoni.

Akamshika wa kwanza shingoni, na ngumi ikawa imekwisha kuinuka. Yule mtu hakujikinga.

"Piga," akasema. "Lakini nikiyaacha haya maji leo, zamu yangu itarudi mtama umekauka. Mdoriko huenda asije. Njaa inakuja, wewe mwenyewe unaiona. Nilikuwa nimalize huu mtaro, kisha nije nife."

Kajeri akaiteremsha ngumi. Akarudi nyumbani akakaa, asile, kwa kuwa aliyaona yote yameharibika. Watu hawa siku ya kweli watafika wamechelewa, mteremko utaungua, na yeye kwa kinywa chake alikwisha kuahidi kulibomoa bwawa. Nanzia alikuwa anamenya maharage. Alimwacha akae na hasira zake mpaka zilipopoa, ndipo akamwambia kwamba wale watu si waoga, na kama angekuwa na akili timamu asingewaita waoga. Akamwambia amekuwa askari muda mrefu mno, akila chakula ambacho kililimwa na watu wengine, ndiyo maana amesahau kwamba hawa wakiitwa hakuna anayewalimia.

"Baba Sarika," akasema, "umemfundisha mtu kuacha jembe. Hujamwambia nani ataliokota."

Kajeri hakulala vizuri, wala hakuona aibu kusema hivyo baadaye. Kulipokucha alikwenda kwenye lango la bwawa walikokaa wazee wa mfereji, wagawa zamu, akasimama juu ya ukingo, akatangaza, na maneno yake mnayajua ninyi tangu mnatambaa: "Shamba la aliyeitwa litakunywa kwanza. Kabla ya shamba la mzee wa mfereji, na kabla ya shamba langu. Anayebaki atafanya kazi yake na ya yule aliyekwenda. Na zamu ya aliyeitwa haipiti, haipewi mwingine, mpaka arudi mwenyewe aishike."

Wazee wakakataa. Walisema zamu ikipita imepita, ndivyo mababu walivyoiweka. Walisema tena, na hapa ndipo walipodhani wamemkamata, kwamba wanaume wakienda vitani wanaobaki ni wanawake na vikongwe, na mwanamke hajapata kuligusa lango la bwawa tangu mfereji uchimbwe. Kabla Kajeri hajajibu, Nanzia akavua viatu vyake vya ngozi, akashuka mferejini na jembe la mumewe, akaliinua gogo la lango, maji yakapita. Akawauliza wazee kama wanaona yamekataa kwenda. Mmoja wao akacheka kwanza, kisha wengine, na neno likawa limepita.

Kajeri akapiga baragumu tena mara nyingine, akapiga na nyingine. Wakaja wote, hata yule wa mchwa, na mkuki wenye mpini mpya.

Wadoriko walikuja kweli, kiangazi kikiwa kimebana hasa, siku ya zamu ya mtaa mkubwa, na hawakuja siku hiyo kwa bahati. Lugendo alikuwa na masikio kila mahali. Alijua kwamba wakulima wa chini wanafundishwa mikuki, na habari hiyo ilimchekesha. Alijua pia zamu za maji, na alijua kwamba mtu wa Uvuje atamwacha mke, lakini maji ya kiangazi hayaachi. Kwa hiyo alikuwa amepanga kupigana na jeshi la boma tangu asubuhi, alichoshe, na mchana ukipinda, wakulima watakapokimbilia mashamba yao, aupande mlima wote mpaka kwenye kitanda cha Mtemi.

Baragumu likalia. Safari hii watu wa chini walikuwa kivukoni kabla ya askari wa boma, wakauzuia mto kwa mishale na mawe mpaka Mndolwa aliposhuka na jeshi lake na kushika katikati. Kajeri akashika ubavu wa juu, kwenye mawe, ambako kila mkulima alijua ni jiwe gani linacheza na ni lipi limekaa. Vita vikawaka. Askari wa boma walisimama ngao kwa ngao na Wadoriko wakajitupa juu yao, wakarudi, wakajitupa tena, na kila mara safu ile haikukatika, ila ilipungua. Ilipofika adhuhuri mikono yao ilikuwa mizito, na Mndolwa alikuwa na jeraha la paja, anapigana ameegemea mkuki. Hakukuwa na askari mwingine wa kushuka kutoka juu. Wote walikuwa pale.

Ndipo Lugendo akawarudisha watu wake nyuma kidogo, wakakaa ng'ambo wakinywa maji, wanangoja. Akasimama juu ya jiwe akapaza sauti ili wakulima wamsikie. Akawaambia jua linapinda, waende wakamwagilie, yeye hana ugomvi na mtama.

Na kweli jua likapinda, na juu kwenye bwawa ikalia pembe ndogo ya kufungua lango.

Kajeri aliisikia ile pembe. Aliona mabega ya watu wake yakisogea, aliona mtu akiangalia miguu yake mwenyewe kana kwamba ni ya mtu mwingine. Alijua kwamba hawezi kuwashika kwa nguvu. Mwamba aliweza kuusukuma, lakini watu hawa hawakuwa mwamba, na kama angetoka mmoja tu, wangetoka wote. Mteremko mzima ulikuwa umesimama kwenye miguu yao. Hakuwatisha wala hakuwasihi. Aliwaambia wageuke watazame nyumbani.

Wakageuka. Kutoka pale kwenye mawe mashamba yote huonekana. Wakaona maji yanashuka kwenye mitaro yakimetameta, yanaingia shamba la huyu, yanaingia shamba la yule, na yaliingia kwanza mashamba ya watu waliosimama pale na mikuki mkononi. Wakawaona wake zao na mama zao na vikongwe vyao wameinama, nguo za ngozi zimefungwa magotini, wanachimba, wanaziba, wanafungua. Shamba la Kajeri lilikuwa kavu bado, kwa sababu Nanzia alikuwa kwenye shamba la jirani. Mtu mmoja alianza kulia, akafuta machozi kwa mpini wa mkuki. Hakuna aliyeondoka.

"Mashamba yamekunywa," akasema Kajeri. "Sasa tufanye kazi yetu."

Wakashuka kutoka mawe yale kwa mbio na kelele, na Mndolwa alipowaona wanakuja alifanya walilolifanya siku zote za zamu, aliipasua safu yake katikati, wakulima wakapita kwa mikono ambayo haijachoka, na safu ikajifunga nyuma yao ikapumua. Walipochoka wao, wakapisha, askari wa boma wakaingia tena. Wakapokezana hivyo, hawa wakijua kusimama na wale wakijua mahali pa kusimama, na Wadoriko, ambao walikuwa wamengoja wakulima waondoke, wakajikuta wanapigana na majeshi mawili ambayo hayaishi. Jua halijazama, walikuwa wanaukimbilia mto, na mto uliwachukua wengi.

Watu waliimba. Mndolwa alikaa chini wakamfunga paja, na Kajeri akachuchumaa mbele yake. Akamwambia ndugu yake wa jando kwamba anavuka. Waliotekwa wako nyikani, kwenye zizi la Lugendo, na Lugendo amekimbilia huko. Akipewa nafasi atawahamisha, na Nakiete hataonekana tena. Mndolwa akamsihi angoje jeshi lipumzike. Wakulima wakasema basi twende wote. Kajeri akakataa, akasema neno la mwisho lililosikika kutoka kinywani mwake upande huu wa mto.

"Ninyi mliitwa kulinda mlima, mmeulinda. Rudini mkashike majembe. Dada ni wangu."

Akavuka. Walimtazama mpaka akawa mdogo kwenye nyika.

Mtama ulikuwa unaanza kugeuka rangi waliporudi waliotekwa. Walikuja kwa miguu, wamekonda, wamechanika, na Nakiete yuko mbele akiwa amembeba mtoto wa mtu. Walisimulia kwamba zizi lilikuwa na nguzo za miti mizima na lango la magogo, na asubuhi moja waliliona lango linatikisika, likang'oka, na nyuma yake amesimama Kajeri, mgongo umechubuka wote. Aliwaambia wakimbie wasigeuke. Yeye alibaki palepale penye upenyo, Lugendo na watu wake wakija, na kwa muda wote waliokimbia hakuna Mdoriko aliyepita. Mndolwa aliwachukua askari wa boma na wakulima pamoja wakaenda kutafuta. Walimkuta Lugendo amelala amekufa, pamoja na waliokufa naye. Kajeri hawakumkuta. Hawakukuta mwili, wala kaburi, wala mkuki wa Senzia.

Mndolwa aliporudi alisimama barazani mbele ya Mtemi, akichechemea na fimbo, akasema mlima hautalindwa tena kwa mkono mmoja. Boma litakuwa na askari wake, na kila mtaa utakuwa na zamu yake ya mikuki, na hakuna atakayeacha mkuki langoni akirudi kulima. Akasema tena kwamba hakuna watu wa chini katika Uvuje. Wapo Waikongwe, na atakayewaita vinginevyo atamjibu yeye. Mtemi akakubali, maana hata watemi hujua siku ya kukubali. Na hivyo tukapata jina.

Kiangazi kilichofuata wazee wa mfereji walikutana kugawa zamu. Walipofika kwenye shamba la Kajeri, mkubwa wao, kwa sauti ya upole, akasema wote wanajua yaliyotokea, Nanzia akate nywele aomboleze, zamu ile ya kwanza irudi ifuate mpango wake wa zamani. Hakuwa na ubaya, mzee wa watu. Nanzia alikuwa amesimama na jembe.

"Nani ameuona mwili wake?" akauliza. "Aliitwa. Hajarudi. Zamu yake haijapita."

Akaliinua gogo, maji yakaenda shambani kwa Kajeri kwanza. Nanzia hakukata nywele maisha yake yote. Akafa, Sarika akashika jembe. Akafa Sarika, akashika mwingine. Mtemi mmoja wa baadaye, ambaye jina lake hatulitaji makusudi, alilitaka shamba lile kwa ajili ya mkwe wake, akatuma askari wa boma kuja kulichukua. Walikuta Waikongwe wamelizunguka na mikuki, na wale askari wakatazamana, wakaenda kusimama pamoja nao, ngao nje, migongo shambani. Mkwe akatafutiwa pengine.

Mazao ya shamba lile huliwa na nyumba ya yeyote aliyeitwa msimu ule. Kiangazi kikibana piteni pale mtazame: mashamba yote yanangoja zamu, lile moja limelowa. Na mtu asije akawaambia kwamba mwenyewe amekufa.